Kabla Hujanunua Kamera ya Kuruka Nayo

Ndege ikifika futi 12,000 na mlango ukafunguliwa, mpiga picha wa tandem amebakiwa na sekunde 40 hivi za kazi. Tandem, kwa asiyeijua, ni mruko wa watu wawili kwa parachuti moja: mkufunzi yuko nyuma, mteja yuko mbele yake, wamefungwa pamoja kwa mikanda. Wanaanguka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa hadi futi 5,500 au pungufu kidogo, parachuti kubwa inafunguka, halafu wanateremka taratibu kwa dakika tano hivi. Mteja amelipa pesa nzuri, na pengine hatarudi tena maishani mwake. Picha ikiharibika huwezi kumwambia apande tena ndege mrudie. Ndiyo maana kamera ya kazi hii haichaguliwi kama ya harusi.

Haya nayasema kwa anayetaka kuifanya kazi yenyewe, awe Diani ambako warukaji hutua mchangani kando ya Bahari ya Hindi, awe Dubai ambako Waswahili wengi wa Ghuba wameshawaona wakielea juu ya Palm Jumeirah, au awe popote penye kituo cha kuruka. Kama wewe ni mteja tu, acha kamera yako hotelini. Vituo vingi havimruhusu mteja kuruka na kifaa chake mwenyewe, na vina sababu. Ila soma hapa chini ujue unacholipia.

Ya mkononi au ya nje

Kabla ya kuuliza kamera gani, uliza nani atarekodi. Kuna njia mbili. Katika ya kwanza, mkufunzi mwenyewe huvaa glavu yenye kishikio cha kamera, hunyoosha mkono mbele na kuwarekodi wote wawili kama anayejipiga selfi. Katika ya pili, mtu wa tatu huruka na parachuti yake, kamera zikiwa kwenye kofia, akaanguka mbele yao uso kwa uso, mita mbili tatu tu kutoka kwao.

Kamera ya nje ina mambo yake makubwa. Inapata miili mizima, inapata ule wakati wa kutoka mlangoni huku tumbo la ndege likionekana juu yao, na picha zake za mnato zinachapishika ukubwa wa kutundika ukutani. Lakini parachuti ya tandem ikifunguka, mpiga picha wa nje huwaona tu wakinyakuliwa juu, naye anaendelea kuanguka. Atafungua yake chini zaidi, awahi kutua, awangoje. Dakika zile tano za hewani humpita zote. Na hapo ndipo mteja anapopata pumzi, akalia, akacheka, akamwita mama yake, akauliza ule mstari mweupe baharini ni kitu gani akaambiwa ni mawimbi yanavunjika kwenye mwamba wa matumbawe. Kamera ya mkononi inayapata hayo yote, na sauti inasikika.

Mwenye kituo kidogo ningemshauri aanze na ya mkononi: haili nafasi ya mtu kwenye ndege, na haihitaji kulipa mrukaji wa tatu. Ila asimpe mkufunzi mgeni. Mkufunzi wa tandem ana mengi ya kufanya. Anapaswa kutupa parachuti ndogo ya breki inayowapunguzia kasi, kutazama urefu, kudhibiti miguu ya mteja aliyesahau yote aliyofundishwa. Kamera iwe kazi ya mwisho katika orodha hiyo. Watengenezaji wa vifaa vya tandem nao huweka masharti ya uzoefu kabla mkufunzi hajafunga kamera mkononi. Yasome ya kifaa chako.

Kwa kawaida kamera hukaa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio unaotupa ile parachuti ya breki. Shida ni kwamba altimita, kile kifaa cha kusomea urefu, nayo mara nyingi hukaa kushoto. Kwa hiyo ukienda kununua kishikio, vaa altimita yako kwanza, kisha vaa glavu, kisha nyoosha mkono. Usipoisoma namba bila kukunja kiwiko, kishikio hicho si chako, hata kama kinauzwa nusu bei.

Shingo yako ina bei gani?

Anayerekodi kutoka nje anabeba kamera kichwani, na hapa ndipo wengi hudanganywa na ubora wa picha. Parachuti inapofunguka vizuri, kila kitu mwilini kinakuwa kizito mara tatu au nne kwa muda mfupi. Ikifunguka kwa ukali, ni zaidi ya hapo. Kofia yenye kamera ndogo ya gramu 150 haina neno. Kofia yenye kamera ya picha mnato, lenzi yake, na kamera ya video pembeni hufika kilo 2 bila taabu, na shingo itaonja kilo 6 hadi 8 kwa ghafla, mara kumi kwa siku msimu ukiwa mzuri. Wapiga picha waliokaa miaka mingi kwenye kazi hii wanalalamikia shingo kabla ya magoti.

Ushauri wangu: anza na kamera moja ndogo, na ukihitaji picha mnato tafuta ndogo yenye sensa inayotosha kutolea picha kwenye video. Kamera kubwa ije baadaye, wateja wakiwa wameanza kuilipia.

La pili ni kunasa. Kamera juu ya kofia ni kitu kilichochomoza mahali ambapo nyuzi za parachuti hupita. Pitisha uzi wa viatu juu ya kofia yako kutoka kila upande, uuvute polepole. Ukikwama popote, kwenye skrubu, kwenye ukingo wa kishikio, kwenye mlango wa betri, hapo ndipo uzi wa parachuti utakapokwama siku mbaya. Funika kwa utepe, saga, au badilisha kishikio. Na kofia iwe na kitasa cha kuifungua kwa mkono mmoja, uweze kuitupa yote na kamera zake ikinaswa. Kamera ni bidhaa, itanunuliwa nyingine.

Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri mtu awe ameruka angalau mara 200 kabla ya kuruka na kamera yoyote, hata ile ndogo. Wengi huona idadi hiyo ni kubwa mno kwa kifaa kinachoenea kiganjani. Uzito si sababu. Sababu ni kwamba kamera inakula akili. Mwaka 1988 huko North Carolina, mpiga picha mzoefu aliyekuwa ameshaingia hewani mara mamia alipanda ndege kuwarekodi mwanafunzi na mkufunzi wake. Siku zile kinasa video kilikuwa kizito, kikibebwa kwenye begi. Alitoka mlangoni akirekodi, na mgongoni hakuwa na parachuti. Inadhaniwa uzito wa begi la vifaa ulimfanya ahisi ameshavaa. Wewe kamera yako haina begi, lakini mazoea ni yaleyale: mtu anayekagua kama taa nyekundu inawaka anaweza kusahau kukagua mikanda. Kagua mikanda kwanza, kisha mwenzako aikague, ndipo uguse kamera.

Uso wa mteja

Sasa picha yenyewe. Matangazo ya kamera yanashindana kwa namba: 4K, 5.3K, 8K. Mteja hajui hizo, na hata akizijua, video ataitazama kwenye simu. Anachokitafuta ni kimoja: uso wake, ukionekana, ukiwa na hisia zake. Chagua kamera kuanzia hapo.

Fikiria jua la saa sita mchana pwani. Mteja anaanguka kifudifudi, kwa hiyo jua liko nyuma ya kisogo na uso umo kivulini. Kamera ya mkononi iko chini kidogo ya kidevu, inatazama juu. Nyuma ya uso ule kuna anga tupu, jeupe, linalong'aa. Kamera inapima mwanga wa picha nzima, inaona weupe umezidi, inapunguza. Anga linatoka la samawati safi, na mteja wako mweusi anatoka kivuli chenye meno na miwani. Nimeona video za namna hiyo zikiuzwa kwa bei kamili, na mwenye kituo akisema "jua lilikuwa kali". Jua halina kosa. Kamera ilichaguliwa na kupangwa kwa nyuso nyingine.

Kwa hiyo unapotafuta kamera, uliza mambo haya. Je, inakuruhusu kuongeza mwanga kwa mkono, nusu hatua au hatua nzima, na ikakumbuka mpangilio huo ukiizima na kuiwasha? Je, sensa yake inaweza kubeba anga na kivuli kwa pamoja bila kimoja kufa? Kwa kawaida sensa kubwa zaidi huliweza hilo kuliko iliyojaza pikseli nyingi kwenye nafasi ndogo. Jaribu bila kupanda ndege: mtafute rafiki mwenye ngozi nyeusi sana, msimame nje saa sita, uinue kamera kutoka usawa wa kifua chake ikitazama anga nyuma ya uso. Rekodi bila kuongeza, kisha ongeza nusu, kisha moja. Tazama kwenye simu, usitazame kwenye skrini ya kamera. Anga likififia kidogo ili macho yaonekane, acha lififie. Hakuna mteja aliyewahi kulipa ili aone anga.

Rangi nayo ifunge. Ukiiacha kamera ijichagulie, itakuwa ya njano ndani ya ndege, ya buluu mlangoni, na itabadilika tena juu ya bahari, ngozi ikigeuka rangi katikati ya kuanguka. Weka mizani ya weupe (white balance) kwenye 5500 K na uiache hapo.

Upana wa lenzi hutegemea nani anashika. Mkono wa mtu una sentimita 60 au 70, na unataka nyuso mbili pamoja na upeo wa macho. Lenzi pana sana inahitajika. Ila upana una gharama: kilicho ukingoni huvutika. Paji la uso la mteja likiwa kwenye ukingo wa juu linarefuka kama la katuni, naye hatafurahi. Mweke katikati, mkufunzi ndiye avutike. Kwa mpiga picha wa nje, lenzi pana mno humlazimisha asogee karibu mno, na kugongana na tandem si jambo la mzaha hasa pale parachuti inapofunguka. Achague upana wa wastani, aonekane amekaribia bila kukaribia.

Kuhusu kutuliza mtikisiko: kunakofanywa kwa programu ndani ya kamera, kwenye kamera ndogo za kisasa, kunatosha. Kamera za zamani zenye mfumo ambamo lenzi nzima huelea ndani yake ziepuke, kwani upepo wa kuanguka huitikisa lenzi yenyewe na picha ikawa inatetemeka kuliko ambavyo ingekuwa bila mfumo. Na ile hali ya kufunga upeo wa macho ubaki sawa daima, izime. Mteja anapindukapinduka mlangoni, anaona dunia juu na mbingu chini. Hilo ndilo alilolipia. Ukimnyoosha picha umemnyang'anya.

Fremu 60 kwa sekunde ndizo ningeanza nazo, kwa kuwa unaweza kupunguza kasi nusu bila picha kukatika. Sauti wakati wa kuanguka usihangaike nayo. Upepo wa kilomita 200 hakuna maikrofoni inayoushinda. Sauti nzuri itafute kwenye mahojiano kabla ya kupanda na baada ya parachuti kufunguka.

Iwake, na ibaki imewaka

Kamera nzuri isiyowaka ni jiwe. Unataka kitufe kimoja kikubwa kinachowasha na kuanza kurekodi kwa pamoja, kinachobonyezeka ukiwa na glavu, na taa ya mbele unayoweza kuiona ikiwa mkononi. Ikiwa kichwani, taa hutaiona. Nunua kiashirio kidogo kinachokaa mbele ya jicho, au mfundishe kila mkufunzi akuoneshe dole gumba akiona nyekundu. Zima hali ya kamera kujilaza yenyewe kuokoa betri. Kupanda huchukua kama dakika 20, na kamera nyingi zilizowashwa mapema zimelala usingizi hapo.

Enzi za kamera zenye diski ngumu ndani, kulikuwa na kituko. Baadhi zilikuwa na kihisi cha kutambua kwamba zimedondoka, zisimamishe diski isivunjike. Mrukaji akitoka mlangoni, kamera ilijiona inadondoka, ambayo ni kweli kabisa, ikaacha kurekodi. Leo zote zinatumia kadi, lakini bado kuna watu wanaouziwa za zamani mitandaoni. Ukisikia neno diski kwenye tangazo la kamera, ondoka.

Vitabu vingi vya nje vinaonya juu ya baridi kuua betri. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Diani ikiwa nyuzi 30 chini, futi 12,000 utakuta nyuzi 6 hivi. Kwa dakika chache, betri nzima itavumilia. Adui wetu ni joto. Kamera ndogo ikirekodi 4K kwa fremu 60 huku imekaa juani ukingoja zamu ya ndege inaweza kujizima yenyewe kabla hata hujapanda. Ifunike kitambaa cheupe, rekodi mahojiano kivulini, izime mpaka mlango ukaribie kufunguka.

Na unyevu. Ofisi ina kiyoyozi, nje kuna mvuke wa bahari: ukiitoa kamera ghafla, kioo kinapata ukungu. Huko juu ni vilevile, lenzi inapoa, halafu unashuka kwenye hewa nzito ya pwani na mwisho wa video unakuwa maziwa matupu, wakati wa kutua, ambao mteja aliusubiri. Iweke kamera nje ya kiyoyozi nusu saa kabla, pangusa lenzi kwa dawa ya kuzuia ukungu ile ya miwani ya kuzamia, na usiitie ndani ya kasha la kuzuia maji, maana linafungia unyevu. Chagua yenye kioo cha mbele kinachobadilishwa. Mchanga wa kutua utakikwaruza ndani ya msimu mmoja, na kubadilisha kioo ni nafuu kuliko kubadilisha kamera. Chumvi nayo iondoe kila jioni kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, mlango wa betri ukiwa umefungwa.

Baada ya kutua

Mteja akishavua mikanda, swali lake ni moja: "Kaka, itanifikia saa ngapi kwenye WhatsApp?" Usinunue kamera inayotoa mafaili ambayo laptopu yako haiwezi kuyahariri. Ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kila dakika ni megabaiti 750. Dakika kumi za mteja mmoja ni zaidi ya gigabaiti 7. Wateja wanane kwa siku, kwa intaneti ya vocha, hesabu mwenyewe. Nyumba ya kuhariri yenye kompyuta ya wastani ikae kwenye 2.7K au hata 1080p, video itoke mteja akiwa bado anakunywa soda. Kadi moja kwa mteja mmoja, kila kadi kwenye bahasha yenye jina. Kuchanganya nyuso za wateja ni aibu isiyosafishika.

Vijana wanataka video ya wima ya TikTok na Instagram. Hapa teknolojia imesaidia kweli: GoPro Hero11 Black, iliyotoka 2022, ina sensa ya uwiano wa 8:7, karibu mraba, kwa hiyo rekodi moja inakatwa wima na kulala bila kupoteza kichwa cha mtu. Ukiweza kupata kamera yenye sensa ya namna hiyo, ichukue mbele ya ile yenye namba kubwa zaidi. Kamera za nyuzi 360 zinavutia, lakini zina lenzi mbili zilizochomoza na uhariri wake unakula muda. Ziache ziwe za matangazo ya kituo, si za kazi ya kila siku.

Ukinunua, nunua mbili zinazofanana kuliko moja ya bei. Betri zitabadilishana, vishikio vitabadilishana, na moja ikigoma asubuhi hukosi kazi. Ukinunua ya mkono wa pili kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, fungua mlango wa betri unuse na kutazama kutu. Kadi za memori zijaribu kwa programu ya H2testw kabla hujalipa, au ununue kwa muuzaji atakayekubali kurudishiwa. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 128 na yenye 16 tu ndani itarekodi vizuri kabisa mpaka ijae, kisha itaanza kufuta bila kukuambia.

Kishikio kipya kijaribu garini kwanza, ukiwa abiria, mtu mwingine akiendesha kwenye barabara tupu, mkono nje kwa kilomita 100 kwa saa. Nguvu ya upepo hapo ni robo ya utakayoikuta hewani, kwa hiyo kikilegea hata kidogo, hakifai. Baada ya hapo ruka nacho na wenzako wa kituo, bila mteja, mara kadhaa. Ukifika chini, kabla ya kutazama video, jiulize ulisoma altimita mara ngapi na kila mara ilisema nini. Ukishindwa kujibu, kamera hiyo irudi kabatini, uendelee kuruka bila kamera mpaka jibu lije bila kulitafuta.